Nisome Kitabu Gani? Mwongozo wa Kupendekezeana Vitabu na Kuvibishania

Ukimwomba mpenda vitabu akutajie kitabu cha kusoma, mara nyingi atakutajia kile kilichomkosha yeye. Atakisifu mpaka mate yamkauke, na wewe utaondoka na jina la kitabu ambacho hutakifungua. Amezungumza habari zake, hakukutazama. Mapendekezo yanayofika hadi ukurasa wa mwisho huanzia kwa msomaji, na mabishano yenye faida huanzia kwenye kurasa zilizofunguliwa mezani. Nimeona vitabu vizuri vikikosa wasomaji kwa sababu mambo haya mawili yalirukwa.

Mwongozo huu ni wa watu wanaosoma Kiswahili na kutaka kuvipitisha vitabu kwa wenzao, wawe marafiki wawili, familia moja, au kikundi cha watu sita saba wanaokutana kila mwezi. Vitabu ninavyovitaja ni vya Tanzania na Kenya, kwa kuwa ndivyo ninavyovijua vizuri.

Hatua ya kwanza: mjue unayempendekezea

Muulize mambo matatu. Kitabu gani cha mwisho alikimaliza bila kulazimishwa na mtu? Anasoma saa ngapi, na akiwa wapi? Na kwa sasa roho yake inataka nini: kucheka, kujifunza, kutishika, au kusahau kazi kidogo?

Swali la kwanza ndilo zito. Wengi watakujibu, "Mimi si msomaji." Usikubali haraka. Muulize kama amewahi kufuatilia hadithi za gazetini zilizokuwa zikiishia pale pale palipo patamu, na "itaendelea toleo lijalo". Muulize kuhusu vitabu vya dini, mashairi ya redioni, barua ndefu za zamani alizozitunza. Aliyesubiri gazeti la wiki ijayo ili ajue nani kaua ni msomaji tayari. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha mlango wa pili.

Swali la saa na mahali linapuuzwa sana, na ndilo linaloamua kama kitabu kitamalizika. Dada muuguzi wa zamu ya usiku anasoma dakika kumi hapa, kumi pale, kisha anaitwa. Ukimpa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba ambacho kila aya inataka usimame ufikiri, utamtesa bure. Mpe hadithi fupi, au riwaya ya upelelezi ambayo akiiacha katikati ataikamata tena bila kurudi nyuma. Mzee aliyestaafu, mwenye asubuhi nzima barazani na mazoea ya kusikiliza malenga redioni, ndiye wa kupewa diwani. Na kijana anayepanda daladala saa moja kwenda na saa moja kurudi anaweza kubeba riwaya nene kuliko wote, mradi herufi zisiwe ndogo mno.

Hatua ya pili: taja kimoja

Usimwagie mtu orodha ya vitabu kumi. Atakushukuru, ataihifadhi kwenye simu, na hapo ndipo itakapofia. Mtajie kimoja, na cha pili ukiweke moyoni kwa siku atakaporudi kukuambia cha kwanza kimemshinda.

Hatua ya tatu: litoe pendekezo lenyewe

Pendekezo zuri ni la dakika mbili. Lina mahali na wakati wa hadithi, mtu tunayemfuata na kinachomsibu, hali ya lugha yake, na kasoro moja unayoijua. Halina mwisho wa hadithi. Halina pia neno "lazima usome", ambalo humrudisha mtu mzima kwenye dawati la shule.

Huu hapa mfano, kwa kijana aliyewahi kubeba mizigo bandarini:

"Kaka, nimekufikiria wewe kwa kitabu hiki. Ni riwaya ya Adam Shafi, inaitwa Kuli, ilitoka mwaka 1979. Inamfuata kijana anaitwa Rashidi, anaingia kazi ya ukuli bandarini Unguja enzi za Waingereza, na inakwenda mpaka kwenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948, ambao ulitokea kweli. Kiswahili chake ni cha Unguja. Utakutana na maneno ya kule, usisimame kwa kila neno, mengi yatajieleza mbele. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba wakubwa wa bandari humo ni wabaya tangu wanapoingia, hawageuki. Soma sura mbili. Zikikushinda, nirudishie tu, sitakasirika."

Ukitazama, sifa kwa mwandishi hazimo kabisa, wala tuzo zake, wala nafasi yake katika historia ya fasihi. Kilichomo ni sababu ya kumchagua msikilizaji huyu: wewe umebeba mizigo, na kitabu hiki kinajua uzito wa gunia. Kasoro imetajwa mapema, na hilo linamfanya akuamini siku nyingine utakaposema kitabu fulani hakina kasoro kubwa. Na kile kibali cha kurudisha ni cha kweli. Mtu anayejua anaweza kuacha bila aibu huanza kusoma upesi zaidi.

Neno moja kuhusu lugha, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi. Shaaban Robert anamtisha msomaji wa leo kwa msamiati wenye Kiarabu kingi na sentensi zilizopangwa kama hotuba. Ukimpendekezea mtu Kusadikika, mwambie hivyo waziwazi, na mwambie pia kwamba ni kitabu kifupi kilichojengwa juu ya kesi moja mahakamani: Karama anashtakiwa kwa sababu ya elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nje ya nchi. Akishajua kuwa anasikiliza kesi, zile sentensi ndefu zinakuwa sauti ya mtu anayepigania roho yake mbele ya baraza. Kamusi iwe karibu, ila afungue kwa neno linalozuia njia tu.

Hatua ya nne: hakikisha kinapatikana

Hapa ndipo mapendekezo mengi ya vitabu vya Kiswahili yanapokufa. Kitabu kilichapwa miaka ya sabini, kikaisha, hakikurudiwa. Kabla hujakitaja, ujue kitapatikana wapi.

Vile ambavyo vimetumika shuleni hupatikana kirahisi zaidi, kwa sababu wachapishaji huvirudia. Vingine itabidi kuvitafuta. Dar es Salaam kuna Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, na duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora. Nairobi, pita kwenye vitabu vilivyotandikwa kando ya njia, Tom Mboya na mitaa ya jirani. Kwa wachuuzi hawa usiwe na haraka: inama, pekua, uliza. Wengi wana mzigo mwingine nyumbani, na ukimwachia namba na jina la kitabu atakutafutia.

Ukinunua kitabu kilichotumika, kifungue katikati. Tazama kama namba za kurasa zinafuatana, kwa maana kuna vitabu vilivyonyofolewa sura nzima na mwanafunzi aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani. Kikiwa kipya na bei ni ya chini kupita kiasi, kagua jalada na wino. Rangi iliyofifia, herufi zenye ukungu na kurasa zinazobanduka ukizikunjua ni dalili za chapa ya wizi. Hapo mwandishi hapati kitu. Vivyo hivyo kwa nakala za kidijitali zinazosambazwa kwenye simu bila ruhusa. Najua kitabu kimoja kinaweza kuwa ghali kwa mtu mmoja. Changeni watu wanne mnunue nakala moja halali, msome kwa zamu.

Zamu inahitaji daftari. Andika jina la kitabu, aliyeazima, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na aliyeazima aandike kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi mmoja unatosha kwa riwaya ya kawaida. Vitabu vya kikundi vivalishwe karatasi ya kaki kama madaftari ya shule, ili jalada lisichanike mikononi mwa watu wengi.

Hatua ya tano: bishaneni

Kupendekeza bila kubishana ni nusu ya raha. Ila mabishano ya vitabu huharibika upesi, na ninavyoona, chanzo kikubwa ni kwamba watu wawili wanabishania mambo mawili tofauti bila kujua. Mmoja anasema, "Kitabu hiki kibaya," akimaanisha kimemchosha. Mwenzake anasikia kwamba kimeandikwa vibaya. Wa tatu anamaanisha kina mambo ambayo hataki mwanawe ayasome. Wa nne anamaanisha hakimhusu, ni habari za watu wa mbali. Neno ni moja, kesi ni nne, na ushahidi wa kila moja ni tofauti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayeongoza mazungumzo ni kuuliza: "Kibaya kivipi?" Kuchosha ni habari ya msomaji, na hakuna anayeweza kukukatalia kwamba ulichoka, lakini pia huwezi kumlazimisha mwenzako achoke. Uandishi mbovu unaonyeshwa kwa kidole: ukurasa gani, mazungumzo gani yanayosikika kama hotuba, mhusika gani aliyebadilika bila sababu. Suala la maadili linahitaji kujua kama mwandishi anakisifia kitendo au anakionyesha tu. Na hili la kutohusu mara nyingi linayeyuka mtu akiulizwa alifika ukurasa wa ngapi.

Nitakupa mfano wa kesi ya maadili. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na Tanzania iliwahi kuipiga marufuku mashuleni kabla ya kuja kuruhusiwa. Katika mazungumzo ya kikundi niliyokuwamo, mama mmoja mwenye mabinti alikuja akiwa amekwisha kata shauri kwamba kitabu hiki hakifai kuingia nyumbani. Kijana wa chuo akamjibu kwa jazba kwamba huo ni ushamba. Pale ingekuwa ugomvi tu. Aliyekuwa akiongoza akawaomba wote wafungue mwanzoni, pale Zakaria anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Akauliza swali moja: kipigo hiki kinasimuliwa kama funzo, au kama kosa? Tukasoma kwa sauti, taratibu, mara mbili. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu mwandishi anamsema baba." Hakugeuka kuwa mtetezi wa kitabu. Alisema bado hatampa binti wa darasa la saba, ila yule wa kidato cha nne atakisoma naye. Kijana naye akakubali kwamba umri una maana. Huo ndio mbishano uliokwenda mahali.

Kuna mbishano mwingine ambao kila kikundi kitaukuta, na ni mzito zaidi: je, kinachoitwa shairi au riwaya ni shairi au riwaya kweli? Ushairi wa Kiswahili ulishapitia vita hii. Amri Abedi aliweka wazi kanuni za vina na mizani katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Miaka ishirini baadaye Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata kanuni hizo. Washairi wa mapokeo walisema wazi kwamba hayo si mashairi. Upande wa pili ulijibu kwamba vina na mizani ni pambo, moyo wa shairi uko kwingine. Mpaka leo ukimpa mzee wa Mombasa au Tanga shairi huru, uso wake utakuambia msimamo wake kabla hajafungua kinywa.

Mimi nasimama na wanaosema vina na mizani vinastahili kujulikana kwanza, kwa sababu sikio lisilojua mizani haliwezi kusikia kitu gani kimevunjwa na kwa nini. Lakini kukataa kulisoma shairi huru ni kujinyima. Mkutanapo kwa jambo hili, chukueni shairi moja la Abdilatif Abdalla kutoka Sauti ya Dhiki, ambayo aliitunga gerezani Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, na moja la Kichomi. Yasomwe yote mawili kwa sauti na mtu mwenye sauti nzuri, kabla yeyote hajatoa maoni. Anayetaka kulighani la Abdilatif aachwe alighani. Baada ya hapo mtaona mabishano yanahama kutoka "hili si shairi" kwenda kwenye mstari huu na ule.

Kuna pia taratibu za meza. Aliyesoma mpaka mwisho ana haki ya kuhukumu. Aliyesoma nusu ana haki ya kusema kwa nini aliacha. Ambaye hajasoma aulize maswali, na anakaribishwa kuuliza mengi. Anayetaja mwisho wa hadithi aombe ruhusa kwanza. Kuhusu umri: sisi tumelelewa kuheshimu wakubwa, na mzee akishasema "Kitabu hiki hakina maana," vijana hufunga midomo na mazungumzo yameisha. Njia niliyoiona ikifaa ni kumwanzisha mdogo kuliko wote. Shikamoo zikishatolewa na chai ikishamiminwa, mdogo afungue, wakubwa wafunge. Wazee wenyewe huupenda utaratibu huu wakielezwa mapema, maana mwisho wa maneno unabaki kwao.

Vitabu "vya kupoteza muda"

Lazima mtafika hapa. Mtu atapendekeza Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, au riwaya ya Ben Mtobwa yenye mpelelezi Joram Kiango, na mwingine atasema hizo ni bastola na wanawake tu, hazina fasihi.

Sikubaliani. Riwaya hizi zilisomwa kwenye mabasi, gerejini, kambini, na watu ambao hawakuwahi kuambiwa wasome. Mtobwa alianzisha hata kampuni ya kuchapa vitabu, Heko. Aliyejifunza kugeuza kurasa kwa Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba, amejifunza kugeuza kurasa. Lakini heshima kwa riwaya hizi ni kuzihukumu kama riwaya: fumbo limefungwa vizuri? Hatari inaaminika? Wanawake humo ni watu au ni mapambo? Ukiuliza hivyo utagundua kwamba zingine ni hodari na zingine zimelipuliwa, kama ilivyo kwa vitabu vyenye majina makubwa. Wekeni moja mezani pamoja na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ambapo Bwana Msa anatatua kesi kwa kufikiri na kiko chake mdomoni, na mtapata mazungumzo ya jioni nzima.

Hatua ya sita: vifufueni vitabu vya shule

Watu wengi walioacha kusoma waliachia shuleni. Kitabu kilifundishwa kwa maswali ya mtihani: taja dhamira tano, eleza tabia za mhusika mkuu. Wakatoka wakijua dhamira na kukichukia kitabu.

Dawa ninayoiamini ni kubadilishana kati ya nchi. Mkenya wa rika fulani alikalishwa darasani na Siku Njema ya Ken Walibora. Mtanzania wa rika lake alikalishwa darasani na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo. Kila mmoja amechoka na cha kwao, na cha mwenzake kwake ni kipya kabisa. Mtanzania anaifungua Siku Njema na kumkuta Kongowea akianzia Tanga, kwake mwenyewe, kisha anavuka naye mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba. Hana kumbukumbu ya fimbo wala ya alama. Anasoma riwaya. Mkenya anaingia mitaa ya Dar es Salaam na watoto wanaohangaikia riziki, na anasoma riwaya. Kisha wakikutana, kila mmoja anamwonyesha mwenzake utamu wa kitabu ambacho mwenyewe alikisoma kwa hofu, na yule mwenye kitabu hurudi nyumbani kukitafuta upya. Kama katika kikundi chenu kuna watu wa pande zote mbili, anzeni na hili kabla ya jingine lolote.

Hatua ya saba: jua kuacha

Riwaya isiyokushika kwa kurasa hamsini, iweke. Diwani isome popote, mashairi matatu, uamue. Tamthiliya haihukumiwi kwa macho peke yake. Gawaneni wahusika, msome onyesho moja kwa sauti, ndipo mseme. Dibaji ndefu iruke, utairudia baadaye ukiwa na hamu ya kujua. Kitabu ulichokiacha kiandike kwenye daftari pamoja na ukurasa ulioishia, kwa kuwa baada ya miaka mitano unaweza kuwa msomaji mwingine.

Jozi za kuanzia

Kwa kikundi kipya napendekeza vitabu viwili viwili na swali moja. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi na Utengano ya Said Ahmed Mohamed: Yasmin ameozwa kwa mzee, Maimuna amefungiwa na baba yake, je, ni nani kati yao mwandishi amempa nafasi zaidi ya kuamua maisha yake? Kusadikika na Nagona: nchi mbili zisizo kwenye ramani, kwa nini mwandishi mmoja alitaka tumwelewe na mwingine alitaka tuhangaike? Na kwa wale wenye subira, Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi pamoja na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah: someni kila kitabu mkitafuta mahali ambapo mtumishi anasema jambo ambalo bwana wake hawezi kulisikia, na kila mtu aje na namba ya ukurasa.